Tulipokaa kwa Mama Sayi

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, nayo ni ile niliyoshuka kwenye lori pale Shinyanga na sanduku langu la bati, nikaambiwa kwamba chuo nilichokuja kusoma hakina mahali pa kunilaza.

Sogea karibu, Limi, maana sauti ya bibi yako siku hizi haifiki mbali. Jana ulipokuwa unafunga mizigo yako ya chuo kikuu nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba bweni hulitaki. Chumba kimoja watu wanne, hujui wametoka wapi, hujui wamelelewaje. Afadhali upange chumba chako mjini, ufunge mlango wako, usome vitabu vyako. Mimi nilikuwa nabangua karanga, nikaendelea kubangua. Leo nimeamka na maneno kifuani, na wewe unaondoka kesho, kwa hiyo nisikilize kidogo. Sikukatazi kitu. Nataka tu ujue mimi nilikaa wapi nilipokuwa msichana wa rika lako, na nani.

Wakati huo mkoloni alikuwa bado yupo, na msichana aliyemaliza darasa la nane alikuwa kitu cha kutazamwa kama twiga aliyepita barabarani. Hapa Segese majirani walikuja kwa baba yangu wakakaa na kumtazama kwa huruma, kana kwamba kuna msiba. Walimuuliza, huyu Minza ataolewa lini sasa, na nani atamtaka akishazeeka na vitabu? Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwaambia, "Anakwenda kusoma ualimu. Akirudi atawafundisha watoto wenu." Kisha akawakaribisha maziwa ya mgando, mazungumzo yakahamia kwenye ng'ombe.

Chuo chenyewe kilikuwa cha wavulana tangu kilipoanzishwa. Walikuwa na mabweni ya tofali za kuchoma, yana madirisha mapana na miti imepandwa mbele. Mwaka huo ndio walikubali wasichana kwa mara ya kwanza, tukafika watano, na bweni letu halikuwepo. Mkuu wa chuo, Mzungu mmoja mrefu aliyezungumza Kiswahili polepole kama anayevua viatu kabla ya kila neno, alitukusanya chini ya veranda. Alituambia bweni litajengwa, na kwa sasa amezungumza na mama mmoja mjane aliye karibu na stesheni, tutakaa kwake. Kwa sasa! Mwanangu, tulimaliza masomo tukaondoka, bweni bado ni msingi ulioota nyasi.

Mama huyo aliitwa Mama Sayi. Mumewe alikuwa fundi wa reli, akafa akamwachia nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la mabati, na mwanaye Sayi alikuwa mtu mzima anafanya kazi Tabora. Alikuwa mama mfupi, mwenye mabega mapana, anayetembea haraka hata akiwa hana anakokwenda. Siku tulipofika alitusimamisha uani na masanduku yetu, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa Kisukuma kama tuna amani, "Mhola?" Wawili tukaitikia, watatu hawakuelewa.

"Basi humu tutasema Kiswahili," akasema, "ili asiwepo wa kutafsiriwa. Chumba kile ni chenu. Kile pale ni changu. Hiki cha katikati ni cha kulia na kusomea. Atakayekuwa na njaa aseme, atakayekuwa na hasira aseme pia. Sitaki mtu wa kununa katika nyumba yangu, mabati haya yanatosha kwa joto."

Vitanda vyetu vilikuwa vya mbao na kamba za katani, vimebanana hata ukitaka kugeuka unamwambia mwenzio ageuke nawe. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Veronika, Mzinza kutoka upande wa Rwamgasa, Geita, ambako baba yake alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu. Alikuwa mwembamba, ana pengo dogo la meno ya mbele, na alikuwa na tabia ya kuimba asubuhi kabla hajafumbua macho vizuri. Siku za kwanza tabia hiyo ilinikera mno. Baadaye, wakati wa likizo, nilikuwa naamka huku Segese nautafuta wimbo.

Huyo ndiye aliyenifundisha kusema "rangi". Unacheka, lakini enzi zile mwalimu aliyesimama mbele ya watoto akasema "langi" aliaibika mbele ya mkaguzi. Mimi ulimi wangu ulikuwa wa Kisukuma kitupu. Tulikuwa tunakwenda kuchota maji mtoni, na mto wenyewe kiangazi ulikuwa mchanga mtupu. Unafukua kwa kibuyu mpaka maji yajitokeze, unasubiri yatulie. Hapo tukisubiri, Veronika alikuwa ananiambia, "Sema rangi, sema ruhusa, sema barabara." Nikasema "balabala", akajitupa mchangani kwa kicheko. Kisha akaniambia tena kwa upole, "Barabara," na mimi tena, mpaka ndoo zikajaa. Nilikuja kufundisha kwa miaka mingi sana, na kila nilipoandika neno hilo ubaoni nilihisi mchanga wa mto ule chini ya miguu yangu.

Tulikula ugali wa mtama na mlenda, na jioni michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga. Tuligombana pia. Usije ukadhani tulikuwa malaika. Tuligombania taa ya kusomea, tuligombania zamu ya pasi ya mkaa, tuligombania nani ameacha beseni la maji ya sabuni mlangoni. Mama Sayi alikuwa hatuamulii. Alikuwa anakuja, anakaa katikati yetu, anaanza kuchambua mboga, na ugomvi unaona haya kuendelea.

Halafu, katikati ya muhula ule wa kwanza, akaja baba yake Veronika.

Ilikuwa mchana, tunatwanga. Alisimama nje ya ua akapiga hodi kwa sauti ndogo, mzee mrefu aliyejaa vumbi. Alikuwa amevuka ziwa kwa kivuko, akapanda treni kutoka Mwanza. Mama Sayi alimletea kiti na maji ya kunywa, hakumuuliza kitu mpaka alipomaliza kunywa. Veronika alipiga magoti kumwamkia, "Shikamoo, baba," na yule mzee badala ya kuitikia aliweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, akauacha hapo.

"Mama yako amejifungua," akasema. "Mtoto wa kike. Mtoto ni mzima. Mama yako hajasimama tangu hapo."

Veronika hakulia mbele ya baba yake. Aliingia ndani, akaanza kukunja nguo zake, nami nikaingia kumsaidia, na huko ndani ndiko alikolia, bila sauti, huku anaendelea kukunja. Mkuu wa chuo alimwambia nafasi yake itatunzwa mpaka muhula ujao utakapofunguliwa. Asipofika, atapewa mtu mwingine. Sanduku lake aliliacha, akachukua furushi tu. Tulimsindikiza stesheni. Treni ilipoondoka alikuwa dirishani anapunga, na ananisemesha kwa midomo. Niliielewa: barabara.

Sijui nikuelezeje upweke wa nyumba yenye watu wengi iliyopungukiwa na mmoja. Nilikuwa nageuka kitandani, nasubiri mtu ageuke. Nilitandika kitanda cha Veronika kila asubuhi kwa kanga aliyoiacha, nikanyoosha na mito yake, kana kwamba anarudi jioni. Wenzangu waliniacha nifanye hivyo.

Basi akaletwa msichana mwingine, Zuhura, binti wa mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Kahama. Alichaguliwa pamoja nasi, ila baba yake alikuwa amesitasita kumruhusu, mpaka aliposikia kwamba wasichana hawakai chuoni na wavulana bali kwa mama mjane anayeheshimika. Alifika jua likiwa kali, mzigo kichwani, jasho limemlowesha. Mama Sayi akaniambia nimwonyeshe kitanda kilicho wazi.

"Hakuna kilicho wazi, mama," nikasema. "Kile ni cha Veronika."

Zuhura alibaki amesimama mlangoni na mzigo wake. Mama Sayi alinigeukia. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Minza, huyo Veronika amekuomba umlindie kitanda?"

"Hapana, mama."

"Aliondoka hapa akilia kwa ajili ya kitanda?"

"Hapana."

"Basi usimtengenezee mwenzio kaburi na bado yu hai. Kumkumbuka mtu si kufunga nafasi yake wengine wasiketi. Mkumbuke huku unafanya kazi, huku unacheka, mkumbuke ukiwa na watu. Huyu aliye mlangoni ametembea juani, na wewe unamwambia amesimama mahali pa mtu. Mtue mzigo."

Nilimtua mzigo. Niliona aibu na hasira, vyote pamoja. Zuhura, maskini, aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mimi naweza kulala mkekani." Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Nikatandua ile kanga mwenyewe, nikamtandikia ya kwake. Na ninakuambia, Limi, kabla ya likizo Zuhura alikuwa ameshanisuka nywele mara nyingi kuliko dada zangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwa nimeshajua kumwekea maji ya kutawadha bila kuombwa.

Likizo ikaja, ikaisha. Siku ya kurudi tulikuwa tunafagia vumbi la nyumba, kila mmoja anaeleza habari za kwao, tukasikia hodi. Veronika alikuwa amesimama uani. Amekonda, nywele zimenyolewa, nguo nyeusi. Mgongoni amebeba kitu kwenye kanga. Nilidhani viazi alivyotuletea. Kisha kile kitu kikapiga chafya.

Mama Sayi alitoka jikoni, akaona kichwa kile kilichonyolewa, akaelewa. Alimkumbatia pamoja na mzigo wake.

"Mama alifariki kabla mvua hazijakatika," Veronika akasema. "Baba yuko mgodini tangu alfajiri mpaka jioni. Shangazi ana mapacha wake, maziwa hayatoshi. Nimekuja kumuaga mkuu wa chuo, nichukue sanduku langu, nirudi nimlee huyu."

Mama Sayi alimfungua mtoto mgongoni, akamshika, akamnusa utosini kama wanavyofanya mama zetu.

"Anaitwa nani?"

"Anastazia. Jina la mama."

"Stazia huyu amekula saa ngapi?"

"Tangu kivukoni."

"Basi habari za kuaga tutazizungumza baadaye. Kwanza maziwa."

Mwanangu, habari hizo za kuaga hazikuzungumzwa tena. Kila Veronika alipotaka kuzianza, mama yule alikuwa na kazi ya kumtuma. Alimtuma mtu wa reli aliyekuwa anakwenda Mwanza apeleke salamu Geita, kwamba watoto wote wawili wamefika na wako nyumbani. Jibu la mzee lilirudi kwa njia hiyohiyo, kwamba amesikia, na Mungu awape nguvu, na kwamba akipata ruhusa atakuja kuwaona. Na alikuja, zaidi ya mara moja, na kila mara aliingia uani amevua kofia kama anayeingia kanisani.

Siku ile ya kwanza Zuhura alikunja kanga yake na nguo zake bila kuambiwa na mtu. "Kitanda chako hiki, dada," akamwambia Veronika. "Nilikuwa nakikalia tu." Veronika akamtazama, hamjui, akanitazama mimi. Nilisema, "Huyu ni Zuhura. Tuvisogeze vitanda hivi viwili viwe kimoja." Tukavisogeza, tukavifunga miguu kwa kamba. Tangu hapo tulilala watatu na mtoto katikati. Zuhura alimwimbia nyimbo za Kinyamwezi, na Veronika wa kuimba asubuhi alikuwa bado yuleyule, ila sasa alianza kwa sauti ndogo.

Ilikuwa kazi, nisikudanganye. Asubuhi tulipokuwa chuoni, Mama Sayi alikaa naye. Mchana ilikuwa zamu yetu. Mama mmoja jirani aliyekuwa ananyonyesha alimsaidia mara mojamoja, na mengine yalikuwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na maji, kwa kijiko, tone kwa tone. Kanga zetu kuukuu zote zilikatwa zikawa nepi. Nilikwenda kufundisha somo la majaribio, mwalimu wangu amekaa nyuma ananitazama, nikanyoosha mkono kuandika ubaoni, nikaona bega zima lina maziwa yaliyocheuliwa. Watoto wa darasa waliangua kicheko. Nikawauliza, "Nani ana mdogo wake nyumbani?" Mikono yote ikapanda juu. Basi somo letu la hesabu siku hiyo likawa la vijiko vya maziwa, na mwalimu wangu alisema ndilo somo bora nililowahi kutoa.

Tulidhani tumemficha mtoto, chuo kisijue. Wavulana wa chuo walikuwa wanajua siku zote, na hawakusema. Lakini jambo la mtoto halifichiki, na sijui ni nani aliyelifikisha, Jumamosi moja mkuu wa chuo akaja mwenyewe kukagua makazi yetu.

Alikaribishwa kiti uani, kofia mapajani. Aliuliza habari za maji, za chakula, za taa. Tulimjibu vizuri, wote sita tumesimama kwa mstari, na Stazia tulikuwa tumemfungia chumbani na kijiko cha kuchezea. Mlango ule ulikuwa haufungi sawasawa. Tukasikia viganja vinapigapiga sakafu. Akatoka, anatambaa, amejaa unga wa mtama usoni. Akapita katikati ya miguu yetu, akaenda moja kwa moja kwenye kiatu cha mkuu wa chuo, akashika kamba yake, akaivuta.

Unajua aliwaza nini yule mtu. Kitu gani kingine angewaza akikuta mtoto mchanga katika nyumba ya wasichana? Kwa jambo kama lile mtu alifukuzwa siku hiyohiyo, na si mmoja tu. Wangesema wasichana wamejaribiwa wameshindwa, na wengine wasingepokelewa tena.

"Huyu ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Ni wetu," Zuhura akasema, na mimi nilitaka ardhi inimeze kwa jibu hilo.

Veronika akapiga hatua mbele. "Ni mdogo wangu, bwana. Mama yetu amefariki. Nilikuja kukuaga, sikuweza. Kosa ni langu peke yangu, wenzangu hawamo."

"Tumo," akasema mmoja kando yangu.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mwema, nitalisema hilo, na uso wake ulionyesha kwamba hapendi anachotaka kusema. "Pole sana kwa mama yako," akasema. "Lakini sheria ni sheria. Bwenini hairuhusiwi kuishi mtoto."

Hapo ndipo Mama Sayi alipojifuta mikono, akasogea.

"Bweni gani, bwana mkuu?"

"Hili wanalokaa wasichana."

"Ulipokuja kuniomba niwapokee uliniambia chuo hakina bweni. Kama limejengwa nionyeshe, niwapeleke leo na vitanda vyao." Alisema kwa adabu kabisa, mikono ameifumbata mbele. "Kama halijajengwa, basi hapa ni nyumbani kwangu. Hawa sita wanasoma kwako, wanakaa kwangu. Huyu mdogo hasomi kwako. Ni mgeni wangu tu."

Stazia sasa alikuwa analamba kamba ya kiatu. Mzungu yule alimtazama mtoto, akatazama mstari wetu, akaangalia kofia yake kwa muda mrefu kana kwamba ndani yake kuna jibu. Kisha akainama taratibu, akafungua kile kiganja kidogo kidole kwa kidole, akasimama.

"Nilikuja kuwatazama wanachuo wangu," akasema. "Nimewaona sita, wote wazima, na nyumba ni safi. Wageni wa mama mwenye nyumba hawanihusu." Alipofika langoni akageuka. "Lakini mtihani hautamhurumia mtu."

Alipotoka tu, Mama Sayi alikaa chini pale pale mavumbini. Sikuwahi kumwona amekaa mchana bila kazi mkononi. Tukamzunguka, tunacheka na kulia, naye anasema, "Nileteeni maji, nileteeni maji, nimesema nini mimi kwa mtu mkubwa vile?"

Tulisoma, Limi. Tulisoma mtoto yuko mgongoni, tulisoma tunakoroga uji. Mmoja wetu alishindwa hesabu akarudia, wengine tukafaulu, na Veronika alikuwa wa juu kabisa miongoni mwa wasichana.

Siku ya kuachana malori yalikuwa yamepangwa mbele ya stesheni. Zuhura anarudi Kahama, mimi nimepangiwa shule moja huku Msalala, Veronika na Stazia wanakwenda upande wa Runzewe. Mtoto alikuwa anatembea sasa. Alikuwa anatoka kwa mmoja anakwenda kwa mwingine, anavuta nguo, anasema "mama" kwa kila mmoja, na hakujua alilie lori lipi. Mama Sayi hakuja stesheni. Alisema ana nguo za kufua. Tulipopita tulimwona uani, amegeuza mgongo, anafua nguo ambazo hazikuwa na uchafu wowote.

Tuliahidiana kuonana. Maisha yakatuchukua. Barabara zilikuwa mbovu, watoto wakaja, uhamisho, magonjwa. Miaka ilipita nikawa mwalimu mkuu, nikastaafu. Mara moja tu nilipita Shinyanga nikaenda kuitafuta ile nyumba, nikakuta duka la vifaa vya baiskeli, na kijana wa dukani hajawahi kusikia jina la Mama Sayi. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama naumwa.

Na Veronika nilimfuata nimechelewa. Nilipofika Runzewe, mguu wangu mbovu na mjomba wako ananishika mkono, niliambiwa alikuwa ametangulia mbele za haki misimu michache iliyopita. Walinipeleka kwa mdogo wake. Nikamkuta mama mtu mzima, mnene, ana pengo dogo la meno ya mbele. Alinipigia goti, "Shikamoo, mama," akanitazama kwa heshima kama unavyomtazama mgeni usiyemjua. Hakunijua. Angenijuaje? Lakini nitakuambia ukweli, iliniuma. Yale maziwa yote, yale mapaja yote aliyolalia, na mimi ni mgeni.

"Nilikaa na dada yako chuoni," nikamwambia. "Naitwa Minza."

Akaweka mkono mdomoni. "Minza wa balabala?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Dada alikuwa anatuambia," akasema, na machozi yanamtoka, "kwamba kulikuwa na nyumba moja ambako mimi nilikuwa na mama wengi mpaka wakawa wanagombania kunibeba. Mama, mimi nilidhani anatunga ili nisijisikie yatima." Akanivutia kiti, akakaa chini mbele yangu, akaishika miguu yangu. "Sasa niambie wewe. Nyumba ilikuwaje? Nilikuwa nalala wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia mpaka uji alioniletea ukawa wa baridi, na alitaka nirudie, vitanda vilifungwaje, Zuhura aliimba nini. Nilipoondoka alinisindikiza mbali, hakutaka kuniachia mkono.

Haya, mwanangu. Hayo ndiyo yangu. Sasa sikiliza na haya, maana kesho utakuwa na haraka.

Ukifika huko, kabla hujafungua sanduku, waulize wenzako majina yao na kwao, na uyashike. Mwenye desturi inayokukera mpe muda, usimhukumu wiki ya kwanza. Ukigombana, semeni, mmalize, usinune. Anayefika akiwa amechelewa na hana pa kuweka mzigo, msogezee nafasi hata kama chumba kimebana, na usimfanye ajisikie amekaa mahali pa mtu. Mwenzako akiacha kula, au akianza kukunja nguo katikati ya muhula, muulize kuna nini, usisubiri akuambie. Na shida yake ikiwa kubwa kuliko yeye, simama mstari mmoja naye, hata kama wewe hukuhusika. Utachoka, utapoteza usingizi, utakopesha sabuni na hutarudishiwa. Vumilia. Vitabu utavisoma, sisi tulivisoma. Lakini watu wa kulala nao chumba kimoja ukiwa na umri huo, kabla maisha hayajakugawa, hawapatikani mara mbili. Utakuja kuwatamani uzeeni kama mimi, na kuwatamani huko si ugonjwa, mwanangu. Ni kwamba ulikuwa nao.

Weka kichwa chako hapa nikushike. Mungu aliyenipeleka mimi akutangulie njiani, akuonyeshe mlango wa watu wema, na wewe mwenyewe uwe mtu mwema nyuma ya mlango huo. Akili yako ifunguke, mwili wako uwe na afya, asiwepo wa kukulilia wala wa kulizwa na wewe. Uende na mhola, ukae na mhola, uturudie na mhola. Amina. Haya inuka, kamsaidie mama yako kufunga mizigo.